Sloti ya Papa Déo

Vijana wangu, kabla sijawafundisha lolote, niwaambie kwanza mimi nilifundishwaje, ili msinipe heshima nisiyostahili. Kompyuta nimeisoma shule ya usiku, mtaani Kadutu, katika chumba ambacho mchana kilikuwa cha watoto wa chekechea. Tulikalia viti vyao, magoti yakigusa masikio. Tulikuwa wanafunzi arobaini kwa kompyuta mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kutazamwa tu, kama sanamu ya mtakatifu. Umeme ulikatika sana hata mwalimu akachora clavier, yaani kibodi, ubaoni kwa chaki, nasi tukapita mmoja mmoja kubonyeza ubao. Kwenye ubao nilikuwa wa kwanza darasani. Siku nilipogusa clavier ya kweli nilishtuka kuona vibonye vinazama.

Diploma ninayo. Imetundikwa sebuleni, na wajukuu wangu wanaamini kwamba ndiyo inayozuia ukuta usianguke.

Kwa diploma hiyo mimi, Papa Bahati, nililinda kwa zaidi ya miaka ishirini base ya watoa damu, katika biro, yaani ofisi, moja ndogo hapa Bukavu ambayo jina lake halitawasaidia kitu. Vitabu vyenu vinasema hifadhidata. Sisi tulisema base, nayo ilituitikia. Ndani yake alikuwamo kila mtu aliyekubali kutoa damu: jina, mtaa, simu, kundi la damu, siku aliyotoa mara ya mwisho. Hospitali ikipungukiwa, inatupigia simu, tunatafuta ndani ya base, tunamwita mtu. Hiyo ndiyo kazi yote. Upande mmoja mtu anavuja damu, upande wa pili kuna mtu mwenye damu ya kumfaa, na katikati yao nimekaa mimi na elimu yangu ya chekechea.

Watu huniomba niwaeleze mambo niliyoyaweza. Ninayo, yangejaza malori matatu na mengine yangening'inia nyuma. Leo nitawaeleza juu ya jina moja nililoshindwa kulifuta.

Tuanze na sloti, maana najua wengine wenu mnaifungua bila kujua mmefungua nini. Base yetu ilikaa kwenye mashine kubwa pale bironi. Tuliiita mashine mama. Mama ana tabia moja nzuri: kabla hajabadilisha kitu chochote, anakiandika kwanza katika daftari lake, tunaloliita jurnali. Amempokea mtoa damu mpya, anaandika. Mtu amehamia Bagira, anaandika. Mbali kule kuna mashine mtoto, na kazi yake ni kusoma jurnali za mama kupitia mtandao na kurudia kila alichofanya mama, ili siku mama akiungua, mtoto awe nacho chote. Sasa jurnali ni nyingi, mama hawezi kuzitunza milele. Zilizokwisha kusomwa anazitupa. Atajuaje kwamba zimesomwa? Hapo ndipo sloti inapofanya kazi. Sloti ni alama ndogo aliyoiweka mama: mtoto fulani amesoma mpaka hapa, kisitupwe kitu ambacho hajakisoma.

Mtoto akiwa yuko, alama inasonga mbele kila sekunde na hamna neno. Mtoto akinyamaza, alama inasimama pale pale. Na mama, jamani, hana akili ya kuuliza kama mtoto atarudi. Ni kama maman anayemwekea bwana wake bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kila jioni, sahani juu, sahani chini. Bwana harudi. Kesho anaweka nyingine, kesho kutwa nyingine, hatupi hata moja, mpaka sahani zinajaa nyumba na watoto wanakosa pa kulala. Diski ikijaa namna hiyo msidhani mambo yatapungua mwendo tu. Mama anazima. Base nzima inasimama kwa ajili ya msomaji mmoja ambaye hayupo.

Mtoto wetu tulimweka kisiwani Idjwi. Mjini kwetu nyumba zimebanana, moto ukianza kwa jirani unafika kwako kabla hujavaa viatu, na tulitaka kopi ikae mahali ambapo moto ungelazimika kwanza kujifunza kuogelea. Aliyeilinda ni Déogratias, mtu wa Idjwi mwenyewe, ambaye sote tulimwita Papa Déo. Kazi hii alinifundisha yeye.

Juma langu la kwanza, Déo bado akiwa nasi Bukavu, nilichomoa waya mmoja ukutani ili nichaji simu yangu. Ulikuwa waya wa mashine mama. Vituo vyote vya kutolea damu vilivyotumia base yetu vikabaki gizani. Déo hakupiga kelele. Aliurudisha waya, akanipa orodha ya vituo, akaniambia nipigie simu kimoja baada ya kingine na kueleza kwa kinywa changu nani amekata na kwa nini. Vilikuwa kumi na kimoja. Kufikia cha nane nilikuwa nimepungua kilo tano. Yule wa Nyangezi aliniuliza kwa upole kama simu yangu ilipata umeme wa kutosha. Tangu hapo sijachomoa waya bila kuufuata kwa kidole mpaka mwisho wake, hata nyumbani, hata wa pasi ya mke wangu.

Maneno yake yalikuwa machache. Kabla ya kufuta kitu, alikuwa akisema, uliza ni cha nani. Nami nilidhani nimelielewa hilo.

Tulipoanzisha mashine ya Idjwi, alinifungulisha sloti kabla hata hatujatoa kopi. Liwekeni kichwani hili: sloti kwanza, kopi baadaye. Mkianza na kopi, jurnali za siku ya safari mama atazitupa kabla mtoto hajafika kuzisoma, na mtaanza upya mkilaumiana. Akaniambia niipe jina lolote. Wenzetu wa miji mingine wanazipa sloti zao namba. Lakini kwetu mtu hasemi anakwenda kituo cha Idjwi. Anasema anakwenda kwa Papa Déo. Basi nikaandika papa_deo, bila kufikiri, kama unavyomwita mtu mezani. Mwenyewe alipoliona alicheka, akasema sasa hata akifukuzwa kazi mashine itaendelea kumngoja.

Kopi ya kwanza hatukuweza kuipitisha mtandaoni. Ingefika siku ya kiyama, tena jioni. Tuliibeba ndani ya diski, diski ndani ya sufuria yenye kifuniko, sufuria ndani ya kitenge, kitenge magotini mwangu, katika boti yenye mbuzi wanne. Mawimbi ya siku ile yalikuwa marefu kuliko mnara wa kanisa. Déo angewaambia yalifika kwenye kifundo cha mguu, lakini Déo hayupo tena wa kunikanusha. Mbuzi mmoja alikula kona ya kitenge. Kopi ilifika nzima.

Kwa miaka mingi jina lile lilikaa kwenye kioo cha kompyuta yangu, na kando yake herufi moja ndogo: t. Maana yake yupo, anasoma. Asubuhi, kabla ya chai, niliitazama ile t kama mtu anayechungulia kwa jirani kuona kama ameamka. Radi ikipiga mnara wa Idjwi, na kwetu radi haina mchezo, t inageuka f: hayupo. Kabla ya mchana Déo amepanda juu ya paa, ametengeneza, t imerudi, na jurnali zote zilizomngoja anazisoma kwa pumzi moja. Hivyo ndivyo sloti inavyofaa. Mtu amechelewa kidogo, chakula chake kipo.

Kisha siku moja f ilikuja, ikakaa. Jioni kaka yake alipiga simu. Déo alikuwa ameanguka katikati ya mananasi yake, na hakuamka; mashine yake haikuwa na mtu mwingine wa kuiwasha.

Sasa niwaeleze desturi yetu pale bironi. Mtu akifariki, hatugusi vitu vyake mpaka misa ya siku arobaini. Koti lake linabaki kwenye kiti, kikombe chake kinabaki kabatini, jina lake linabaki ubaoni kwenye zamu ingawa sote tunajua hatakuja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Lakini anayefuta jina kabla ya misa anaonekana kama anayemsukuma marehemu kuelekea mlangoni. Nami nikaitanua desturi ile mpaka ndani ya mashine.

Siku ya tatu niliandika amri ya kuondoa sloti. Ni mstari mmoja tu: pg_drop_replication_slot, na jina ndani ya mabano. Nikaiandika yote. Ikakaa pale kwenye kioo na jina la rafiki yangu mwishoni, ikingoja kidole kimoja. Mkono ukakataa. Nikaifuta amri badala ya sloti, nikatoka kwenda kutafuta mandazi. Mkubwa wetu, ambaye tulimwita Docteur, aliponiuliza tumtume nani Idjwi kuishika mashine, nilimjibu kwamba tutaona baada ya misa. Alikubali mara moja. Naye alikuwa amemlilia Déo. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyenizuia.

Mashine haikuninyamazia. Ilinitumia ujumbe kwenye simu: diski imejaa nusu. Imejaa theluthi mbili. Imejaa robo tatu. Nikazima mlio wa ujumbe ule, nikajiambia kwamba siku arobaini zitatimia kabla diski haijajaa. Hesabu nilipiga kwa vidole, na vidole vyangu vilisoma darasa lile lile nililosoma mimi. Nilisahau kwamba vituo vilikuwa katika kampeni ya kuandikisha watoa damu wapya, na kila aliyeandikishwa alizidisha jurnali. Tena, siku yangu ya kutoa kopi ya akiba ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi zote nilikuwa kwenye kilio, mara Idjwi, mara kwa ndugu zake Bukavu. Kwa hiyo kopi ya mwisho niliyokuwa nayo kabatini ilikuwa ya kabla Déo hajafa.

Kulikuwa na muuguzi aliyepokea simu za hospitali na kutafuta majina ndani ya base, Maman Neema. Ni yeye aliyeliona kwanza.

“Papa Bahati, hii base iko inakokota miguu. Iko mugonjwa?”

“Iko mu kilio,” nikamjibu. “Iache ilie.”

Alicheka, na mimi nikacheka. Kile kicheko ningekinunua leo kwa chochote nilicho nacho ili kisiwe kimetoka.

Ikaja Jumanne moja asubuhi, misa imebaki siku sita. Base ikasimama. Neema aliinua mikono yote miwili juu ya clavier kama mtu aliyeshikwa na askari, ili nione kwamba si yeye. Nikatazama. Diski imejaa mpaka ukingoni. Mama amekataa kuandika hata herufi moja, kisha amezima.

Hapa nisikilizeni kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa nilikuwa bado naweza kutoka salama. Diski ikijaa namna ile, tafuteni kwanza kitu kisicho cha base mkiondoe: picha za sherehe, programu za zamani, filamu ambayo mlinzi alidhani hakuna atakayeiona. Nafasi ndogo tu inatosha mama aamke. Akiamka, mnaondoa sloti ya asiyekuwepo, na mama mwenyewe anaanza kuzitupa jurnali zisizo na kazi, kwa mpangilio wake, anajua ipi ya kutupa na ipi ya kubaki. Nusu saa, mmemaliza. Miaka yangu ya mwisho kazini niliweka kwenye kila diski faili moja kubwa lisilo na chochote ndani, la kufutwa siku ya shida tu. Fanyeni hivyo. Halili chakula.

Mimi sikufanya hivyo. Niliingia katika folda ya jurnali, nikazikuta maelfu kwa maelfu, zimepangana, majina yake ni namba tupu, hayana sura ya mtu. Nikasema: hizi ndizo zilizojaza, hizi ndizo zitoke. Mimi ambaye kwa siku nyingi sikuweza kuondoa jina moja kwa amri iliyo halali, nilizifuta zote kwa mkono katika muda wa kupiga chafya. Diski ikapumua. Nadhani hata nilipiga mluzi.

Nikamwasha mama. Hakuamka. Nikamwasha tena. Mama akianguka ghafla, akirudi anatafuta kwanza jurnali zake ajue alikuwa anafanya nini alipoanguka. Alizitafuta, hazipo. Nilimnyang'anya kumbukumbu yake akiwa amezimia.

Na ngojeni, maana baya lenyewe bado. Fikirini jurnali zile zilikuwa na nini ndani. Kila kitu kilichoandikwa katika base tangu mashine ya Déo iliponyamaza, bila pengo. Idjwi ilikuwa na kopi nzima mpaka siku aliyokufa. Kopi ile pamoja na jurnali zile ilikuwa base yote, jina kwa jina, mpaka asubuhi ya Jumanne ile. Sloti ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu ambao sijauona kwa binadamu. Nilizishikilia jurnali siku zote zilipokuwa zinatuua, nikazitupa saa ile ile ambayo zingeweza kutuokoa. Haya niliyaelewa jioni. Asubuhi ile nilikuwa bado nabonyeza.

Saa sita mchana simu ya Neema ililia. Ilikuwa maternité moja, hospitali ya kuzalisha, ya hapa mjini. Mwanamke mmoja, Nsimire, mkulima kutoka Nyangezi, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na damu ilikataa kusimama. Kundi lake O négatif, lile la shida, na friji yao haikuwa nayo hata kifuko kimoja. Mume wake amekaa kizingitini na mtoto mikononi. Neema aliandika yote, akaweka simu chini, akanigeukia.

“Papa, nipe majina.”

“Ngoja kidogo.”

“Kidogo ni ngapi? Ule mama hana kidogo.”

Nilianza kuirudisha ile kopi ya zamani ya kabatini, na kurudisha kopi hakuharakishwi kwa kusali, nilijaribu. Neema hakungoja. Alikuwa na majina matatu kichwani, akayapigia. Wa kwanza alikuwa safarini Goma. Wa pili alikuwa na mimba. Wa tatu, simu ililia mpaka ikachoka. Baada ya hapo alikaa nyuma ya kiti changu akitazama mstari wa kioo unaoonyesha kopi imefika wapi, unasogea kama konokono aliyevunjika mguu. Heri angenitukana.

Saa tisa base ilifunguka, ikiwa na umri wa zaidi ya mwezi. O négatif walikuwa sita. Watatu ndio wale wa Neema. Wa nne namba yake haikuwepo tena. Wa tano alikuwa ametoa damu majuzi tu kwenye kampeni, jambo ambalo base ile ya zamani haikulijua, alituambia mwenyewe. Wa sita aliishi kwenye barabara ya Nyangezi. Alikubali hata kabla Neema hajamaliza sentensi, akapanda moto, yaani pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa uji. Alifika maternité saa kumi na moja, matope mpaka kifuani, mkono wa shati ameshaukunja. Muuguzi wa pale alimshukuru, akamwambia arudi nyumbani, Nsimire hakuweza kumngoja.

Siku mbili baadaye nilipanda boti kwenda kuichukua mashine ya Déo. Juu ya safari hiyo sina la kuongeza: ziwa lilikuwa limetulia, na hakukuwa na mbuzi. Mjane wake, Maman Chantal, alikuwa ameifunika mashine kwa kitenge kilichofuliwa, haina vumbi hata punje. Nikamweleza yote, tangu f mpaka maternité. Nikamwambia tulikuwa tunangoja misa, kwa heshima ya marehemu na kwa heshima yake yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni nani aliyekuja kumuuliza.

Nikasema hakuna.

“Déo aliniambia zamani,” akasema. “Siku yeye hayuko, Bahati akate jina siku ile ile, kwa sababu masini itajaa. Mimi nilifikiri munajua.”

“Mbona haukutupigia simu, maman?”

“Nipige simu juu ya masini, mu kilio? Watu wangesema nini? Mimi nilikuwa ninawaogopa ninyi. Na ninyi, naona, mulikuwa munaniogopa mimi.”

Akaninywesha chai. Akaniambia kwamba bwana wake aliwahi kuzima jenereta ya kanisa katikati ya misa ya Noeli, padri ameinua mikono, kwa sababu ilikuwa inatoa moshi mweusi. Hakungoja hata amina. Nilicheka, naye alicheka mpaka akajifuta macho, na nikaelewa kwamba kwa siku zote zile nilikuwa nimemheshimu mtu mwingine, si Déo.

Jina lile nililiondoa kesho yake, kabla ya misa, kwenye mashine mama, ingawa kuliondoa hakukuwa na faida tena. Halikuchukua hata sekunde.

Basi mkifungua sloti, iiteni kwa jina la mahali. Andikeni kando yake, siku ile ile mnayoifungua, nani wa kuulizwa ikinyamaza, na itangojwa siku ngapi. Mkubaliane wote mkiwa hai na mnakunywa chai. Kuna mpangilio wa kuweka kikomo, kwamba mama asimtunzie mtu jurnali kupita kiasi fulani. Akifikia pale anaziachilia mwenyewe bila kumwonea mtu haya. Uwekeni. Mtoto aliyeachwa nyuma atahitaji kopi mpya, ndiyo, na mtaibeba kwenye sufuria kama tulivyoibeba sisi. Ni taabu ya siku moja. Na kila asubuhi tazameni ile herufi. Mkiona f, msijiambie kitu; inueni simu, ulizeni. Swali lenyewe ni fupi: bado anarudi? Nililiogopa kuliko mawimbi yote niliyowahi kuyatunga.

Docteur hakunifukuza. Aliandika barua kwa maternité, na mimi nilikwenda Nyangezi na Neema kumwona mume wa Nsimire. Alitupatia viti, kisha akaomba ruhusa arudi shambani. Hayo mengine hayahusu mashine, nitayaacha yakae yalipo.

Lakini kuna jambo moja sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Kama miezi miwili baadaye aliingia bironi fundi cherehani, mita ya kupimia bado iko shingoni. Kibanda chake kiko Kadutu, ukishuka ngazi mbili tatu kutoka maternité ile. Alikuwa na kadi yetu mkononi, mpya kabisa. Alijiandikisha wakati wa kampeni, na wakati huo wote kadi ilikuwa mfukoni mwake.

“Mulisema mutaniita,” akasema. “Sijaitwa hata siku moja. Damu yangu iko mubaya?”

Neema aliichukua kadi, akasoma kundi. Akaniwekea mezani, akatoka nje, na hakurudi mpaka yule mtu alipoondoka. Nilisoma: O négatif.

Nikaliandika jina lake upya, herufi kwa herufi, na mtaa, na simu. Nikamweleza kwamba mashine ilipata shida, majina kadhaa yakapotea. Alielewa vizuri sana. Akasema hata cherehani yake ina siku zake. Akakunja kadi, akashukuru. Alipofika mlangoni akageuka.

“Na mu ile miezi, kulikuwa mutu aliyeikosa?”

Nikamwambia hapana.

Uso wake ulifunguka. Akasema Mungu asifiwe, akaenda zake kushona. Tangu siku hiyo alitoa damu kila alipoitwa, na kila alipokuja alinisalimia kwa jina, akauliza habari za wajukuu, nami nilimtania juu ya suruali alizonishonea, kwamba mguu mmoja ulikuwa wa mtu mwingine. Miaka ikapita hivyo. Nikastaafu, akaja kwenye sherehe yangu na keki.

Papa fundi, kama maandishi haya yamefika mikononi mwako: jibu lilikuwa ndiyo. Aliitwa Nsimire.